Sukari Guru ya Stefania

Wakati wa Mwingereza huo, wajukuu zangu, tunakaa kambi ya mkonge, hapa hapa upande wa Mnyuzi, mimi na bibi yenu Grasiana. Ugonjwa wa sukari ulishampata. Kila asubuhi nachemsha sindano, namchoma pajani, halafu ale. Ale hapo hapo, dresa wa kambi, yule wa zahanati, alinikazia hilo. Na watu wetu mnawajua, mgonjwa hupelekewa sukari. Nikawatangazia ndugu wote: kwa Grasiana sukari ni sumu, msilete.

Basi asubuhi moja nimeshamchoma, kumbe mvua ya masika imelowesha kuni zote. Moto ni moshi tu, uji hauchemki. Napuliza mpaka macho yanatoka. Kugeuka, bibi yenu anatetemeka, jasho chapachapa, na baridi ile! Namwita, ananicheka kama hanijui.

Mdogo wake, Stefania, tulikuwa tunakaa naye, akaja mbio. "Pepo huyo! Nikamwite mganga."

"Pepo gani! Sindano imeshusha sukari mwilini, naye hajala. Dresa alisema akitetemeka apewe kitamu upesi. Lete lile kopo lako la sukari guru."

"Nini?"

"Lete, mama, anakufa!"

Akalitoa chumbani, akasimama mlangoni, kopo kalikumbatia kama mtoto. "Thubutu! Si wewe uliyesema sumu? Au umeshapata mke mwingine huko Korogwe, shemeji?"

Jamani! Mke wangu macho yamepinduka, mimi nabishana. Nikavuta kopo, naye akavuta, likaanguka. Nikaokota kipande na mchanga wake, nikakiponda kwenye maji ya uji. Kummiminia siwezi, atapaliwa. Nachovya kidole, nampaka ndani ya shavu. Nachovya, nampaka. Stefania kakaa chini analia, "Umemuua dada yangu." Nami moyoni nasema, kama dresa alikosea je? Kuambiwa siyo kuona.

Ikachukua muda, wee! Halafu ulimi ukasogea, ukalamba kidole.

"Stefania," sauti ndogo hiyo, "unamlilia nani?"

Stefania akanichapa kofi la bega. "Siku nyingine dawa ueleze yote, siyo nusu!"

Grasiana akapanua mdomo. "Niongezeeni."

Tukatazamana. Kidogo kimemrudisha, kingi kitamuua, hilo sasa tunalijua wote wawili. Lakini kingi kinaanzia wapi? Stefania kashika kijiko, ananitazama mimi.