Kadi ya Nywele

Saa tano asubuhi, msusi ambaye wateja walimwita Mkono Laini alikuwa amefika mstari wa nne kichwani kwa mwalimu mmoja wa chekechea, nywele za msusi mwenyewe zilipoanza kumpanda. Zilikuwa zikidondoka tangu alfajiri, juu ya kiti, sakafuni, kwenye meno ya kitana. Sasa zilimpanda mgongoni bila haraka, zikamzunguka shingo na kutulia chini ya koromeo, nene kama skafu.

"Zimewahi leo," alisema mwalimu, akimtazama kwenye kioo.

"Zimewahi kweli," alijibu, akaendelea kusuka.

Hofu alikuwa nayo. Mganga hajigangi, sawa, lakini nani atamkabidhi kichwa chake msusi mwenye kipara? Hata hivyo si kipara kilichomtisha. Nywele zilikuwa zinakaza, leo zaidi kidogo kuliko jana. Mama yake mzazi alizikwa amevaa zake shingoni, na waombolezaji wakasifu zilivyompendeza.

Mdogo wake, aliyesuka naye saluni moja, alishazikata kwa mkasi mara tatu. Zilianguka, zikasubiri mkasi urudi mezani, zikapanda tena. Na kwa kuwa pale kazi ya kila mtu ni nywele, kila mtu alikuwa na jibu la nywele. Huyu alilaumu dawa ya kulainisha, yule rasta nzito, na mteja mmoja aliapa kwamba ni kijicho cha saluni ya jirani. Kwamba msusi alivaa sweta juani, sauti imekwaruza, nyusi zimeisha ncha na usingizi unamkuta amesimama na kitana mkononi, hayo yaliitwa uzee. Alikuwa na miaka thelathini na minane.

Hospitalini, karani wa mapokezi alimuuliza shida ni nini.

"Nywele," alijibu, kwa mazoea ya kazi. Karani akaandika hivyo kwenye kadi.

Kwenye benchi walikaa wanawake tisa, kila mmoja nywele zake zimemzunguka shingo, za bibi mmoja nyeupe pe. Walisogea kumpisha. Hawakupiga soga, maana sauti zilikuwa zimewakauka.

Daktari alikuwa mpole. Alizisogeza zile nywele za shingoni kwa vidole viwili zisimzibie, akaupima utosi kwa rula.

"Ni mawazo tu, mama. Punguza mawazo. Nakuandikia mafuta."

"Daktari, naomba unishike hapa kooni. Kuna kivimbe. Nikimeza kinapanda na kushuka."

Daktari aliigeuza kadi, akaisoma pande zote mbili.

"Kadi yako ni ya nywele. Kuna chumba cha tezi ya shingo mwisho wa korido. Wanatoa damu kidogo, wanapima, ukiwa na tatizo unapewa kidonge cha kila siku. Wala si jambo kubwa."

"Basi niandikie niende."

"Wao wanataka kadi iliyoandikwa shingo."

Karani naye alisema kadi ikishaandikwa haifutwi.

Msusi alikwenda hadi mwisho wa korido hivyo hivyo. Mlango ulikuwa wazi. Muuguzi alikaa peke yake mbele ya mirija mitupu ya damu, imepangwa safi kabisa, haijaguswa. Aliitazama kadi, kisha shingo, kisha kadi tena.

"Tangu nianze kazi hapa sijapata mgonjwa," alisema. "Mnapita tu na kadi za nywele. Pole, dada."

Nyumbani, mdogo wake alimkalisha kwenye kigoda. Alijaribu kupenyeza kidole kati ya nywele na shingo, kama wafanyavyo wasusi kuhakikisha msuko haubani. Alianza na cha shahada, kikagoma, akajaribu cha mwisho, kile kidogo.

"Kinaingia?" msusi aliuliza, kwa sauti isiyofika mlangoni.

Mdogo wake aliusogeza mkono, dada yake asiuone.

"Kinaingia, dada. Tena kinacheza."