Fungua Taa

Kabla ya kuwa meneja, Wagdi alikula miaka yake kwenye vituo vya umeme vya Tanta, mpaka mgongo ukagoma. Akasomea programu za kompyuta kwenye masomo ya jioni, akaanza upya chini kabisa, na sasa yuko Kairo anasimamia vijana wanaoandika programu ya kukata na kurudisha umeme kwa mbali. Na vijana wenyewe, midomo hiyo! Balbu ikiungua tu, mmoja wao, Shadi, anamwita kwa cheo cha mhandisi mkuu, "Bashmuhandisi, mgonjwa wako huyu!" Wagdi alicheka nao, lakini utani huo wa fundi balbu ulimchoma.

Siku ya jaribio wageni walijaa chumbani, mapazia yameshushwa wauone ukutani mchoro wa laini ya umeme. Kule Tanta, Usta Barakat, fundi mwenzake wa zamani, alisubiri chini ya nguzo. Programu ikate umeme, naye apande akafunge kikombe kipya cha kushikia waya. Ikienda vizuri, hakuna atakayemwita Wagdi fundi balbu tena.

"Fungua, bashmuhandisi!" Barakat alisema kwenye simu.

Shadi akabonyeza *Fungua*. Ukutani pakaandikwa: *Imefunguliwa*.

"Imefunguliwa, Barakat. Panda," Wagdi akamwambia.

Wageni wakapiga makofi. Bosi wa akina Wagdi, Madam Inas, akatabasamu mpaka magego. "Shadi, hebu fungua taa, mbona tunakaa gizani kama popo?"

Shadi akainuka, akabonyeza ukutani, taa ikawaka.

Wagdi akaikodolea macho taa ile. Majumbani kwetu taa hufunguliwa ikawaka. Lakini kwa mtu wa umeme, kufungua swichi ni kukata. Maneno ya vitufe aliyaandika Shadi, na Wagdi aliyasoma akayapitisha, kila mtu na fungua yake kichwani.

Akaidaka simu. "Barakat! Uko wapi?"

"Juu ya nguzo, niwe wapi tena? Ndo nanyoosha mkono."

"Usiguse! Rudisha mkono! Pima kwanza!"

"Wagdi, wageni," Madam Inas alinong'ona kwa ukali. Wagdi hakumgeukia.

"Shadi, kitufe cha *Fungua* kinafanya nini?"

"Kinaleta umeme, bashmuhandisi. Si ndiyo kufungua?" Kisha Shadi mwenyewe akaelewa, akakaa chini pole pole.

Kwenye simu kipimo kikalia, mlio mrefu ambao Wagdi aliujua vizuri.

"Ina moto, Wagdi," Barakat alisema. Hakumwita bashmuhandisi.

"Shuka. Shuka taratibu."

Wagdi akawageukia wageni akawaambia jaribio limeshindikana, na kosa ni lake. Madam Inas akatoka nje bila kuaga. Wageni wakakusanya mikoba yao. Yeye akabaki na simu sikioni, akisikiliza viatu vya Barakat vikishuka nguzo mpaka vikagusa ardhi.

"Umefika chini?"

"Nimefika."

"Wewe mtu!" Wagdi akafoka, machozi yakimlenga. "Miaka yote ile hugusi waya bila kupima. Leo kwa nini hukupima mpaka nikuambie?"

"Nipime nini?" Barakat alisema. "Si umesema wewe."