Macho ya Snezhina

Saa moja asubuhi Snezhina Valkova alikuwa amekaa bwenini juu ya bomba la kupashia joto, ambalo halikuwa na joto, akikariri himaya za viumbe huku akitafuna mkate mkavu. Mkate ulikuwa wa jana, wa bei ya jana. Bei ya leo ilikwisha kuandikwa kwa chaki mlangoni mwa duka, na haikuwahusu wanafunzi.

Petrana alilala kwenye godoro sakafuni, maana vitanda vilikuwa vichache kuliko wasichana. Alikuwa akikitazama kitanda cha Snezhina kwa mapenzi makubwa.

"We Snezhina, usijichoshe. Anguka tu kwa heshima. Mi nimeshakipima, kinanitosha."

"Utalala hapo chini mpaka uote ukungu."

"Ukungu nao kiumbe. Uko himaya gani?"

"Kuvu. Na unyamaze."

Kanuni za shule hiyo ya ufundi wa maziwa zilikuwa fupi: aliyeanguka mtihani wa marudio hurudisha shuka na kuondoka bwenini siku hiyo hiyo. Snezhina hakuwa na pa kwenda nazo wala pa kwenda bila hizo. Ng'ombe wa ushirika kijijini kwao walikuwa wameuzwa, na pamoja nao ikaenda kazi ya baba yake na nyumba iliyoambatana na kazi.

Saa tatu aliingia maabara. Karatasi za maswali zilipangwa mezani kifudifudi, kama ilivyo desturi, mtahiniwa ajichagulie msiba wake. Akachukua ya pembeni, akaigeuza.

Mwani wa bluu-kijani. Taja himaya yake. Onyesha kiini cha seli.

Lilikuwa swali lile lile lililomwangusha mwezi wa kwanza, alipojibu kwamba si mmea, ni bakteria. Ndivyo Mwalimu Karadzhov alivyowafundisha, mlango ukiwa umefungwa: seli hizi hazina kiini, nazo zilikuwepo duniani kabla ya jani la kwanza. Lakini majibu ya mtihani yalitoka mkoani ndani ya bahasha, na mkoani waliyatoa kwenye kitabu kilichochapwa kabla mwalimu hajaoa. Humo mwani huo ni mmea. Sura ya tatu ya kitabu ilieleza kwa kirefu kwamba kila kilicho hai hubadilika. Kitabu chenyewe hakikuwa hai.

"Himaya?" akauliza mkaguzi kutoka mkoani, mtu mnene aliyevaa koti lake humo humo ndani.

Snezhina akamtazama Mwalimu Karadzhov, aliyekaa kando ya mkaguzi. Mwalimu akatazama dirisha.

"Mimea, Bwana Mkaguzi."

"Safi kabisa. Sasa nionyeshe kiini."

Akainama kwenye hadubini. Nyuzi za kijani zilipangika kama shanga, kila ushanga wazi, na ndani yake hamna kitu cha kumwonyesha mtu. Akasogeza kioo kushoto, akakisogeza kulia.

"Sikioni."

"Tafuta vizuri."

"Nimetafuta, Bwana Mkaguzi. Hakipo."

Mkaguzi aliweka kalamu chini taratibu, kama askofu anayeweka msalaba. "Binti, tusipotezeane muda. Ama kiini hakipo, kitabu kimekosea, na wewe umeanguka. Ama kiini kipo, na macho yako ni mabovu. Lipi?"

Ghorofani juu yao, bwenini, kitanda kilikwaruza sakafu. Petrana hakuwa mtu wa kungoja matokeo.

"Macho yangu ni mabovu," alisema Snezhina.

"Naam! Ukweli haumuui mtu." Mkaguzi akamgeukia Karadzhov. "Mpe tatu, alama ya chini kabisa ya kufaulu. Na uandike kwenye faili: haoni vizuri, asipangiwe hadubini. Wanaosha chupa wapi hapa?"

"Chumba cha chini."

"Basi huko. Mpaka amalize shule."

Karadzhov akaandika. Akapiga mhuri, akaupuliza wino ukauke, ingawa haukuwa na haja ya kupulizwa. Mkaguzi akaifunga bahasha yake, akauliza supu ya maharage inapikwa upande gani, akatoka.

Wakabaki wawili. Snezhina hakuondoka.

"Mwalimu, hebu angalia na wewe."

"Nenda, mwanangu. Umefaulu, kitanda chako kipo."

"Mara moja tu."

Mwalimu akavua miwani, akainama. Alikaa pale muda mrefu, vidole vyake vikigeuza gurudumu dogo mbele na nyuma, kwa upole, kama mtu anayejua hasa anachokitazama.

"Kiini kipo?"

Akainuka, akavaa miwani yake.

"Nimebakiza miaka miwili nistaafu," alisema, akaifunika hadubini kwa mfuko wa plastiki.