Kurasa Zinazoitwa kwa Jina

Jana usiku niliota niko ofisini, saa nne asubuhi, nimefuta kwa bahati mbaya sauti ya marehemu mama. Ilikuwa rekodi moja tu, sekunde arobaini, kwenye kompyuta yangu.

Nikaenda kuziuliza kurasa za mwongozo, zile zinazoeleza kila amri ya kompyuta. Zilikuwa zimekaa kwenye mabenchi kama wagonjwa kliniki, zimevaa miwani. Nikazieleza kuwa nataka kurudisha nilichofuta. Hakuna ukurasa hata mmoja uliotikisika.

"Sisi tunaitwa kwa jina," ukurasa mmoja ukasema.

"Jina lako nani?"

"Limeandikwa ndani yangu. Ukiniita utalisoma."

Mabenchi yanageuka meza ya kikao. Namkunda amekaa mbele yangu. Huyu tulifanya kazi pamoja. Kwa miaka miwili alikuwa akiongeza kwenye kila ukurasa maneno ambayo watu huandika wakiwa wamekwama: nimepoteza, nimekosea, haifunguki. Alitaka mtu atafute kwa shida yake na apate. Mimi ndiye niliyemwambia mkuu wetu kwamba ule ni uchafu, kwamba anayestahili kusoma mwongozo anajua anachotafuta. Maneno yakaondolewa. Baadaye Namkunda naye.

Namwomba anitajie ukurasa. Ananitazama bila hasira.

"Kaka Elinihaki, neno 'nimepoteza' nililiweka pale pale, kwenye ukurasa unaoutafuta. Ulilifuta mwenyewe, siku ile ya Jumanne."

"Basi nitajie jina tu."

"Mimi sifanyi kazi hapa tena."

Anatoka. Nataka kumfuata, lakini miguu yangu ni karatasi. Nimekuwa ukurasa, nipo benchini kati ya wenzangu. Mlango unafunguka, mama anaingia na sweta lake la kijani. Anapita benchi kwa benchi akiita, "Mwanangu. Mwanangu." Namwona vizuri. Najaribu kuinuka, jirani yangu ananikumbusha kwa upole kwamba hilo si jina langu. Mama anaita tena, anasubiri, anatushukuru wote, anaondoka.

Niliamka kumekucha. Kompyuta niliyokuwa nimeizima ilikuwa inawaka mezani, mwongozo umefunguliwa. Neno moja lilikuwa limetafutwa mara kumi na moja: mwanangu. Chini yake, kila mara, lilikuwepo jibu ambalo nililitunga mimi mwenyewe mwaka juzi na kusifiwa kwa ufupi wake: Hakuna ukurasa wa jina hilo.