Kijani na Nyekundu

Arubaini ya baba haijafika, nduzangu wawili tayari wanagawana nyumba yetu ya Kibokoni.

Fundi aliiweka ramani ya nyumba kwenye televisheni ya sebuleni, akaiunganisha na simu zetu. Ukigusa chumba kwenye simu yako, kinaingia rangi yako na kila mtu anakiona. Zein alipewa kijani, Mzamil nyekundu, nami Nabiha njano. Sikugusa kitu.

Walianza kwa adabu mpaka wakafika chumba cha juu, ambamo mama amekaa eda. Zein alikipaka kijani. Mzamil akakigeuza nyekundu. Kijani tena. Nyekundu tena. Zein akamrukia, akampiga kichwa puani, damu ikarowesha kanzu. Mzamil akanyakua mchi wa kinu, akamlenga utosini. Zein akainama, televisheni ikapasuka. Wakaangushana juu ya vigae vya kioo, wakikabana koo kwa mkono mmoja. Mkono wa pili wa kila mmoja ulikuwa bado unabonyeza simu.

"Washenzi wakubwa!" nilipiga kelele. Hawakunisikia.

Mama akashuka ngazi polepole, ameshika tableti anayoongelea na wajukuu. Mimi ndiye niliyeiunganisha na ramani asubuhi ile, makusudi. Chumba chake kilikuwa kikibadilika rangi mikononi mwake.

"Nami ningali humu ndani," alisema. "Niambiani, wanangu. Alonizika ni wa kijani au wa nyekundu?"