Bei ya Mkono wa Chamima

Chamima alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na ugonjwa wenyewe ulikuwa ukuta mtupu. Akiuona hatulii. Asubuhi alikaanga badia za kunde karibu na lango la bandari ya Mocímboa da Praia, akawauzia wapakizi na wachuuzi wa samaki, na kufikia saa tano beseni lake lilikuwa tupu. Mwenye akili zake, alisema dada yake Cadija, hapo angerudi nyumbani akapumzika, au angekaanga beseni la pili. Yeye Chamima alikwenda kuchora kuta za watu. Bure.

Tena hakuchora ovyo. Udongo mwekundu aliwaagiza madereva wa kutoka Nhica do Rovuma, weupe ulikuwa chokaa, weusi aliupata kwa kuvunja betri kuukuu za tochi na kuusaga ule mkaa wa ndani, na buluu ilikuwa ileile ya kufulia kanzu. Burashi zake zilikuwa vijiti alivyovitafuna mwenyewe ncha mpaka vikatoa nyuzi. Na alikuwa na masharti yasiyojadiliwa. Kwanza aliingia nyumbani kwako, akakaa, akanywa chai yako, akakuuliza maswali yasiyo na kichwa wala miguu: zamani mlango huu ulifungukia upande gani, jikoni mlikuwa mkikaa wangapi. Kisha alikufukuzia uani, na marufuku kuchungulia mpaka amalize. Sura za watu hakuchora, picha hakurudia, na ukithubutu kumwambia nichoree ua hapa, alikusanya vijiti vyake akaenda zake.

Hela hakutaka hata kuzisikia. "Nikipokea hela ya mtu ataanza kuniamuru," alimwambia Cadija. "Na mie sijaamriwa tangu nilipoachana na yule mwanamume."

Ukuta uliompa jina ulikuwa wa Bi Fatima, mjane aliyekaa kwenye barabara ya kutoka bandarini kwenda sokoni. Watu waliporudi mjini baada ya kuikimbia vita, Bi Fatima aliikuta nyumba yake imeungua na kila kilichokuwa ndani. Akasimamisha fito upya, na udongo akaukandika kwa mikono yake mwenyewe, na umri wake ule wa kuitwa bibi. Chamima alikunywa chai pale siku tatu mfululizo. Siku ya nne akachora, kwenye ukuta wa mbele, vyombo vyote vilivyoungua, kila kimoja kwa ukubwa wake: birika la shingo ndefu, sinia la shaba, mbuzi ya kukunia nazi yenye mguu uliofungwa kamba, kata, kawa, ungo, na chini kabisa kinu na mchi wake. Bi Fatima alipoitwa kutoka uani alivitazama kimoja kimoja, akaguna, akasema mkono wa birika ulikuwa umepinda zaidi ya hapo. Basi. Lakini tangu siku ile, mpita njia akiegemea ukuta ule alisikia sauti kutoka ndani: "Wee! Utaniangushia sinia!"

Sasa njoo kwa Vítor. Huyu aliletwa kutoka Maputo kusimamia mradi wa kujenga upya nyumba, na wote walimwita shefe, yaani mkubwa wa kazi. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alijifunza Kiswahili cha sokoni, alisalimia wazee, alitoka jasho kuliko mtu yeyote mjini. Mradi wake uliezeka kwa bati nyumba ishirini, zote za barabarani. Wakubwa hupita barabarani, hawapiti vichochoroni. Nyumba ya Chamima ilikuwa kichochoroni, na makuti yake yalikuwa yameoza. Masika yaliyopita alilala ameketi, akihamisha mabakuli kutoka tone hadi tone, na sasa mawingu yalikuwa yameanza tena kujikusanya.

Vítor alimfuata penye badia zake, akala nne, akatoa karatasi.

"Dona Chamima, wageni wakubwa wanakuja baada ya wiki mbili. Nataka unichoree nyumba zote ishirini za barabarani. Projeto inalipa."

Akataja kiasi. Badia moja ilimwangukia Chamima kwenye mafuta ikamrushia matone mkononi, na wala hakuhisi. Kwa hela ile angeezeka nyumba yake kwa bati na msumari wa akiba ukabaki.

Kisha akaitazama karatasi. Jua linachomoza, mikono miwili inasalimiana, na chini yake neno *Esperança*, tumaini kwa Kireno.

"Hii kwa nyumba ipi?"

"Zote. Zifanane. Mgeni akipita na gari aelewe mara moja."

"Na zile nilizokwisha kuchora?"

"Unapaka chokaa juu, unaanza upya," alisema Vítor, na alisema kwa upole, kama mtu anayemwondolea mwenzake mzigo.

Cadija alipozipata habari alikuja mbio, kanga moja begani nyingine mkononi. "Usiniambie unafikiri. Hakuna cha kufikiri hapa! Miaka mitatu unawachorea watu kwa vikombe vya chai, leo mtu anakupa hela ya bati, unashika tama? Wee Chamima, mvua itakuja kukuuliza kuhusu masharti yako?"

"Ukuta wa Bi Fatima, dada."

"Bi Fatima analala pakavu!"

Hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Wote aliowachorea walilala pakavu, yeye peke yake ndiye aliyelala na mabakuli. Usiku kucha hasira ilimpanda, na asubuhi alikwenda kwa Vítor, akapokea fungu la kwanza la hela, akalifunga kwenye pindo la kanga yake. Nami simlaumu. Anayemlaumu na akalale ameketi masika mazima.

Alianza na nyumba ya Bi Fatima makusudi. Alitaka lililo gumu limalizike kwanza. Alifika na ndoo ya chokaa na burashi pana ya dukani aliyopewa na mradi, akasimama mbele ya ukuta na watu wamekwisha kusogea, maana mji ule hauna siri. Hassane, mwenye duka la misumari na bati upande wa pili wa barabara, alitoka kabisa akavuta kiti.

"Bi Fatima, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia."

"Nimelipwa."

"Umefanya vizuri. Mkono ni wako, na hela ni yako." Bi Fatima alitoka mlangoni, akakaza kanga kiunoni. "Ila subiri kwanza. Nitoe vyombo vyangu."

Akausogelea ukuta. Akanyoosha mkono kwenye birika, akafumba vidole kama aliyeshika mpini, akalitungua. Akalibeba kwa mikono miwili, akaingia nalo ndani. Watu wakacheka, Hassane akacheka kuliko wote. Bi Fatima akarudi akatungua kata, kawa na ungo, akavipeleka. Sinia alilikumbatia kwa mikono iliyotanuliwa, na alipofika mlangoni akajipinda upande, maana sinia lile lilikuwa pana halipiti mlango vivihivi. Hapo kicheko kikakatika. Mbuzi ya nazi aliibeba akiushikilia ule mguu mbovu usije ukamchomoka njiani.

Chamima alisimama na ndoo yake. Mkono ulianza kumuuma na hakuitua.

Kikabaki kinu, na mchi ndani yake. Bi Fatima aliinama, akakizungushia mikono, akanyanyuka nusu, akarudi chini akihema.

"Hiki kizito," alisema. "Njoo unishikie upande huo."

Chamima aliitua ndoo. Aliinama, akaweka viganja vyake kwenye ukuta, kwenye udongo mwekundu aliousaga mwenyewe, na uso wake ukawa karibu sana na uso wa yule bibi. Bi Fatima hakuwa analia. Alikuwa anangoja ahesabiwe moja, mbili, wanyanyue.

"Kirudishe, Bi Fatima," alisema Chamima. "Rudisha vyote. Palepale vilipokuwa."

Gari la Vítor lilifika ndoo ikiwa bado imejaa na ukuta ukiwa vilevile. Alishuka akijifuta shingo.

"Dona Chamima, mbona hujaanza? Tulikubaliana."

"Tulikubaliana, shefe. Sasa nakataa." Alifungua pindo la kanga, akampa fungu lake lote kama lilivyokuwa. "Ukitaka ntakuchorea kuta zote ishirini, kwa hela hiyohiyo. Kila nyumba na chake. Lakini ile karatasi yako ibaki kwenye gari."

"Wageni hawawezi kuelewa picha ishirini tofauti! Watapita dakika kumi."

"Basi washuke wanywe chai."

Watu waliguna kwa raha. Vítor alishusha sauti, na kusema kweli alikuwa anaomba. "Mimi pia nina wakubwa wangu. Nyumba hizi projeto ndiyo imeziezeka."

"Bati ni zenu, sikatai," alidakia Bi Fatima. "Pandeni mkachore huko juu. Ukuta nimeukandika mie."

"Nitaleta mchoraji kutoka Pemba, mji mkuu wa jimbo."

"Mlete," alisema Chamima. "Atasafiri kutwa nzima, na akifika itabidi amwombe huyu bibi ukuta. Atakwenda kuwaomba ishirini, mmoja mmoja. Mwambie aje na njaa, watampa chai."

"Na mvua?" Vítor aliangalia mawingu. Hakusema kwa ubaya, ndiyo maana liliuma. "Naambiwa nyumba yako inavuja."

"Inavuja. Inanivujia mie."

Vítor aliichukua ndoo ya chokaa kwa mkono wake mwenyewe, akaipakia nyuma ya gari na burashi yake pana, akaondoka. Bi Fatima aliingia ndani akaanza kuvitoa vyombo kimoja kimoja kuvirudisha ukutani, na safari hii hakuna aliyecheka, ingawa sinia lilimsumbua tena pale mlangoni.

Chamima alibaki barabarani mikono mitupu. Ungedhani atalia. Moyoni lakini alikuwa na jambo jipya, analigeuza na kulichungulia kila upande. Siku zote aliogopa kwamba hela ya mtu itamfunga mdomo. Na leo hela ilikuwa kwenye kanga yake, mzigo mzima, na mdomo ulifunguka vilevile ukasema hapana. Kumbe miaka mitatu alikuwa anaiogopa hela bure!

"Haya, umebaki huna kazi," Hassane alimwita kutoka kwenye kiti chake, mdomo umejaa ucheshi. "Mwaka mzima nakubembeleza unichoree duka, na hunipi zamu. Njoo leo. Chai ipo, na mandazi."

Chamima alivuka barabara. Aliutazama ukuta wa duka kutoka pembe hadi pembe, ukuta mzuri wa saruji, mtupu, wa kumnyima mtu usingizi.

"Bati nane," alisema.

Hassane alingoja amalizie utani. Chamima akaanza kuupima ukuta kwa shubiri.

"Bati nane za nini?"

"Za picha. Nane, na misumari yake. Na sikwambii nachora nini, na uani utakwenda kama wengine."

"Jana ulikuwa unachora bure!"

"Jana."

"Chamima, mtu anachofanya kwa kupenda halipwi. Hiyo ni starehe yako."

"Na wewe unapenda kukaa dukani, Hassane. Watu wote wanajua, hata Idi unafungua. Mbona unauza?"

Wanawake waliokuwa wakimtazama Bi Fatima waligeuka wote kumtazama Hassane. Alinyanyuka, akachukua kiti chake, akaingia nacho dukani. Nyuma yake waliinuka wengine wa kusema, maana hela ya maskini kila mtu ana neno nayo. Mmoja alisema Chamima amekwisha kuharibika. Mwingine alisema kipaji ni cha Mungu, hakiuzwi. "Na mikono ya fundi seremala aliiumba nani?" aliuliza Chamima, akarudi kwake kuloweka kunde za badia za kesho.

Mvua ilianza siku ya tatu, ikanyesha kama inayodai deni. Maji yalipita kwenye makuti yakamkuta Chamima na mabakuli saba, na ilipofika adhuhuri bakuli la nane likawa sufuria ya badia. Cadija aliingia amelowa, akakaa juu ya kinu kilichogeuzwa, akapokea kikombe cha chai. Tone likaingia kikombeni mbele ya macho yake.

"Nimepita kwa Hassane," alisema. "Nyumba zote zimebaki vilevile, hakuna mtu wa Pemba aliyekuja, na watu wamejazana kwa Bi Fatima wanatazama ukuta. Duka la Hassane hawalitazami. Imemuuma. Anasema bati nne."

"Nane."

"Nilijua utasema hivyo, nikamwambia. Akasema basi sita, na hapandi tena. Sita, Chamima! Sita zinafunika chumba na nusu. Wee lala chini yake, mengine baadaye."

Chamima alisogeza bakuli moja kidogo kushoto, tone lilikuwa limehama. Aliiangalia mikono yake, weusi wa betri umejikita kwenye kucha hautoki hata kwa sabuni.

"Dada," alisema, "hii nyumba ina vyumba viwili. Mwambie nane."

Cadija alikunywa chai yake na mvua iliyokuwa ndani, akaweka kikombe chini, akajitanda kanga kichwani, akafungua mlango.

"Unakwenda wapi na mvua yote hii?"

"Kwa Hassane," alisema Cadija. "Nakwenda kumwambia tisa. Ananitembeza kwenye maji kwa ajili ya ubahili wake, anadhani na mie nafanya starehe?"