Anga Tupu la Kadi ya Merle

Mwaka mzima Noelene aliisubiri siku hiyo. Alipika, alifua, alikwenda kanisani, akimsalimu Coralie kwa tabasamu la meno yote, na moyoni akimwambia: siku yako inakuja, bibi wee.

Maana Coralie alikuwa mwizi. Ndiyo, mwizi, tena wa vitu vya marehemu! Merle, dada yake Noelene, alipofariki, jirani yake Coralie ndiye aliyejitia kimbelembele kufungasha vitu vya chumbani. Miezi miwili baadaye, kwenye maonyesho ya kilimo ya Yerrabup, kwenye shindano la kadi za salamu za kutengeneza kwa mkono, kadi ya Coralie ikawekwa kwenye kabati la vioo na utepe wa buluu wa mshindi wa kwanza. Noelene aliinama kuitazama. Alikuwa ndege yule yule mdogo, mkia juu, aliyegongwa kwa muhuri ambao Noelene aliuchonga kwa mkono wake kwenye kipande cha mpira. Mkia ulikuwa na pengo, pale kisu kilipoteleza. Coralie alikuwa ameukata uso wa kadi ambayo Noelene alimtumia Merle, akaubandika kwenye karatasi mpya.

Noelene alipolalamika, Bi Thelma, mwenyekiti wa kina mama wa maonyesho, alimpigapiga begani. "Noelene, mpenzi, una msiba. Ndege wa hivyo wamejaa kila ua hapa."

Na Coralie, bila haya: "Kwani huyo ndege kaumbwa kwa ajili yako peke yako?"

Kina mama wakacheka. Noelene akameza uchungu wake, akaenda zake.

Ila kulikuwa na jambo Coralie hakulijua. Noelene na Merle walikuwa na mchezo wao wa miaka mingi. Mtumaji anagonga maneno kwa herufi za mpira na wino usio na rangi, ananyunyizia unga mng'avu, kisha anaupulizia hewa moto mpaka uyeyuke na kutuna. Maneno yanakaa meupe juu ya karatasi nyeupe, huyaoni mpaka ukodoe macho, na Coralie kwa maringo yake havai miwani mbele za watu. Mpokeaji ndiye anayepaka rangi. Karatasi inakunywa wino, herufi zinaukataa, na ujumbe unajitokeza.

Juu ya ndege yule, anga lilikuwa bado jeupe. Merle hakuwahi kulipaka, na hilo lilimuuma Noelene kuliko utepe wote wa dunia.

Mwaka huu Coralie akaombwa awafundishe wenzake kwenye maonyesho. Jumamosi asubuhi ukumbi ukajaa, chai na vikeki vikapita, na kadi ya ushindi ikawekwa mezani, nje ya vioo. Noelene alikaa kiti cha mbele kabisa.

"Nina swali," akasema. "Hilo anga mbona tupu? Kazi ya bingwa inaishia njiani?"

"Ni mtindo, shoga. Wewe mambo ya mitindo yamekupita."

"Haya. Nilidhani unaogopa kuiharibu. Maana aliyeitengeneza mwenyewe si anaweza kutengeneza nyingine?"

Watu wakaguna, wakacheka. Coralie akapandwa na mori. "Nani aogope? Leteni huo wino!"

Noelene akafungua mkoba, akatoa kidau cha wino wa buluu, kipya, hakijaguswa. Alikuwa amemtumia Merle pamoja na kadi ile. Kilirudi ndani ya boksi la vitu vya marehemu, kwa sababu Coralie hakuona faida ya kukiiba.

Coralie akachovya sponji, akapaka kwa madaha, uso umewaelekea watu. Waliokaa mbele ndio walioona kwanza.

"Kuna maandishi!" mmoja akasema.

Coralie akatazama chini, akaacha kupaka.

"Malizia, mwenzangu," Noelene akasema. "Kuna mengine pembeni."

"Mimi... sijui hii ni..."

"Hujui? Si kadi yako? Basi tusomee."

"Soma, Coralie," Bi Thelma akasema, na safari hii hakumwita mtu mpenzi.

Coralie akamalizia kupaka, akapapasa mkoba, akavaa miwani. Sauti ilitoka kwa shida. "Merle, nakuja Ijumaa. Nisubiri. Noelene."

Wote waliokuwamo walimzika Merle, na wote walijua alikufa Alhamisi.

"Noelene," Coralie akalia, "nisamehe."

"Kamwombe Merle."

Noelene akaubandua utepe wa buluu kwenye kadi, akautumbukiza kwenye kikombe cha chai cha Coralie, akachukua kadi yake na kutoka. Nyuma yake alimsikia Bi Thelma akimwambia Coralie afungashe vitu vyake. Moyo wa Noelene ukapoa, tena ukapoa barabara, wala hakuona aibu.

Garini aliiweka kadi juu ya usukani. Anga lilikuwa buluu kama alivyotaka, kila herufi imetoka safi. Mwaka mzima alipanga swali, kiti na wino, asiwaze hata mara moja kwamba ile ilikuwa kazi aliyomwachia Merle. Sasa ilikuwa imefanywa, na aliyeifanya ni Coralie. Noelene akaifuta buluu iliyomchafua kidole, akailaza kadi kwenye kiti cha pembeni, akalia.